Somo la Redio: Kulitengeneza Upya Gari Dogo la Utotoni

Wenye miwani na waivae, na wenye madaftari wayafungue. Leo kutakuwa na hesabu kidogo, kutakuwa na kazi ya mikono, na mwishoni yatakuwapo maswali matatu ya kujadiliana.

Nitazungumza juu ya kitu kidogo, nacho ni gari la mfano. Gari la mfano si gari la kupanda. Ni sanamu ya gari, iliyofanywa kwa kipimo, ili kila kiungo cha gari halisi kionekane kwa udogo wake. Gari langu niliunda nilipokuwa mtoto wa miaka 12, katika mwaka 2001, nyumbani kwetu Tanga. Baadaye lilivunjika, likatupwa juu ya kabati, likakaa huko zaidi ya miaka 20. Si siku nyingi zilizopita nililiteremsha nikalitengeneza upya. Katika kulitengeneza nilijifunza jambo ambalo hata chuo hakikunifunza. Basi sikilizeni.

Kwanza tufahamu magari haya hufanywaje. Kiwandani huyeyusha plastiki ya namna iitwayo polistirini, kisha huisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ni kitu chenye tundu la umbo fulani, kama kalibu ya matofali. Plastiki ikipoa, hutoka vipande vingi vidogo vilivyoshikamana na vijiti, kama matunda yaliyoshikamana na tawi. Kila kipande kina namba yake. Vipande vyote hutiwa katika sanduku moja pamoja na karatasi ya maelekezo. Mnunuzi hukata vipande, huviunganisha kwa gundi kufuata namba, kisha hupaka rangi.

Kazi hii ilianza kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza, kampuni ya Airfix ilitoa mfano wa trekta la Ferguson mwaka 1949. Japani, katika mji wa Shizuoka, iko kampuni iitwayo Tamiya. Hiyo ilianza mwaka 1946 kwa kupasua mbao, na mifano yake ya kwanza ilikuwa ya mbao. Mwaka 1960 ndipo ilipotoa mfano wake wa kwanza wa plastiki, yaani meli ya vita Yamato. Nimelitaja jambo hili la mbao kwa sababu baba yangu ni seremala, na katika habari hii seremala anayo sehemu yake.

Sanduku langu lilitoka Japani vilevile. Baba alikuwa amemtengenezea mteja mmoja makabati. Mteja yule alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao Ulaya, alimpa baba vitu asivyovihitaji, na miongoni mwake ni sanduku lile lisilofunguliwa. Ndani yake mlikuwa na Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Wazee wengi wanaikumbuka. Ilibuniwa Ujerumani na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, na zaidi ya milioni 21 ziliundwa kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani huko Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Hapa kwetu Volkswagen ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962, katika njia za vumbi na matope.

Sasa hesabu. Juu ya sanduku paliandikwa 1 kwa 24. Maana yake, kila sentimita 1 ya gari la mfano ni sentimita 24 za gari halisi. Volkswagen halisi ina urefu wa kama sentimita 408. Gawanyeni 408 kwa 24. Mwalimu, tafadhali wape nafasi. Jawabu ni 17. Kwa hiyo gari langu lina urefu wa sentimita 17, sawa na kalamu mpya ya risasi. Tena, mtu mwenye kimo cha sentimita 168, akipunguzwa kwa kipimo hicho, atakuwa na sentimita ngapi? Jawabu ni 7. Huyo angeweza kusimama kando ya gari langu na kufungua mlango.

Sasa nirudi mwaka 2001. Mimi na baba tuliketi barazani, sanduku kati yetu. Nilikuwa darasa la sita. Karatasi ya maelekezo ilikuwa kwa Kijapani na Kiingereza, nami nilijua Kiingereza kidogo cha shule. Baba hakuwa amesoma hata Kiswahili. Alipotakiwa kutia sahihi, alitia dole gumba. Lakini jicho lake lilikuwa jicho la seremala, na sikioni alikuwa na penseli yake bapa ya kazi.

Tulifanya kazi vizuri mpaka hatua ya 6, hatua ya magurudumu ya mbele. Hapo baba aliitazama karatasi, akaniambia, "Mwanangu, mbona hapa pana chupa ya gundi iliyopigwa alama ya kukosa?" Mimi nilikuwa na haraka ya kuliona gari likisimama. Nikamjibu, "Baba, wewe hujui kusoma. Niachie mimi." Jirani mmoja alikuwapo, akacheka. Baba hakusema neno. Nikatia gundi. Nikamwambia, "Shika hapa, bana kwa nguvu," naye akashika, akabana.

Gundi ilipokauka, magurudumu ya mbele yaliganda. Hayakugeuka kulia wala kushoto. Gari likawa la kwenda mbele tu, kama treni relini.

Na sasa niwaambie aibu yangu. Miaka ilivyopita, nilianza kuisimulia habari ile kwa namna nyingine. Nilisema kwamba baba ndiye aliyegandisha magurudumu. Nililisema hilo nyumbani siku za sikukuu, watu wakacheka, na baba akanyamaza. Nililisema mara nyingi hata mimi mwenyewe nikaamini. Huo ndio ubaya wa uongo mdogo: ukirudiwa, msemaji huwa wa kwanza kudanganyika.

Basi, nilipoliteremsha gari kutoka juu ya kabati, lilikuwa katika hali mbaya. Lilijaa vumbi na moshi wa jikoni. Bampa la mbele lilipotea, na kioo kimoja cha pembeni, cha kutazamia nyuma, hakikuwapo. Madirisha yalikuwa na ukungu mweupe. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta ya milango, iliyobaki katika kopo la baba, nami nilikuwa nimeipaka nzito kama uji. Nitawaeleza nililitengenezaje, kwa sababu njia hizi zafaa kwa vitu vingi vya zamani, si kwa gari la mfano tu.

Jambo la kwanza ni kutazama kabla ya kugusa. Nililiweka gari juu ya sinia lenye kingo, ili kipande kikianguka kisipotee. Nikachukua daftari, nikaandika orodha: kilichopo, kilichovunjika, kisichopo. Ninyi mnaojifunza kuandika, jizoezeni kuandika orodha. Orodha ni kumbukumbu isiyosahau.

Jambo la pili ni kuosha. Nilitumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, na mswaki laini wa meno. Maji ya moto sana hayafai, maana plastiki hii hulegea na kupinda.

Jambo la tatu ni kufungua maungio. Hapa lazima mjue tofauti ya gundi mbili. Iko gundi maalumu ya plastiki hii. Gundi hiyo huyeyusha kidogo pande zote mbili, zikashikana zikawa kitu kimoja, kama chuma kilichochomelewa. Ungio la namna hiyo halifunguki ila kwa msumeno mwembamba. Lakini iko na ile gundi kali ya vichupa vidogo, inayokauka upesi, iuzwayo madukani. Hiyo haiyeyushi, hushika tu. Sisi tulitumia hii ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana. Gundi hii ikikauka huwa ngumu lakini huvunjika kirahisi, na baridi kali huizidishia udhaifu huo. Kwa hiyo nililitia gari katika mfuko wa nailoni, nikaliweka ndani ya jokofu la kugandishia usiku kucha. Asubuhi nilipinda kila ungio polepole. Mengi yaliachia kwa sauti ndogo, tak, bila kuvunja plastiki.

Jambo la nne ni kuondoa rangi, na hapo karibu niharibu kila kitu. Nilitaka kutumia tina, ile ya kupunguzia rangi. Kwa bahati njema ndani ya sanduku walikuwamo vijiti vya plastiki vilivyobaki, nikajaribu kwanza juu ya kijiti kimoja. Kijiti kililegea na kunata kama sukari guru iliyoachwa juani. Kama ningalitia gari zima, leo nisingalikuwa na somo la kuwapa. Basi nikajaribu kijiti kingine katika mafuta ya breki. Hicho kilibaki kizima, na rangi iliyokuwa juu yake ikalegea. Nikaliloweka bodi la gari usiku mmoja, kisha nikasugua kwa mswaki, rangi ikatoka kama ganda. Angalieni: mafuta ya breki ni sumu, tena hudhuru ngozi na macho. Vaeni glavu, fanyeni kazi nje, wekeni mbali na watoto, na mwisho osheni vyote kwa sabuni na maji mengi. Na kanuni yenyewe ni hii: jaribu juu ya kile unachoweza kukipoteza, kabla ya kile usichoweza.

Jambo la tano ni madirisha. Ule ukungu mweupe ulitokana na mvuke wa gundi kali. Wakati gundi ile inapokauka, mvuke wake huganda juu ya plastiki nyeupe ya kuonea. Nilichukua kitambaa laini na dawa ya meno kidogo, nikasugua kwa duara, jioni tatu mfululizo. Dawa ya meno ina chembe ndogo sana zinazong'arisha. Siku ya tatu niliweza kuona usukani ndani.

Nikaja sasa kwenye magurudumu. Ungio lile la mbele liliachia kama mengine. Nikageuza gari chini juu ili nisafishe gundi ya zamani kwa msasa, yaani karatasi ya kusugulia. Kabla sijaanza, nikaona kitu. Kando ya ekseli ya mbele, juu ya gundi iliyomwagika na kukauka, palikuwa na alama ya dole gumba. Mistari yake yote ilionekana. Halikuwa la mtoto wa miaka 12. Lilikuwa dole pana, lenye kovu upande mmoja, na kovu lile nalijua. Ni la patasi.

Nikasema moyoni, "Ndiyo, baba ndiye aliyegandisha." Hata wakati ule, ndugu zangu, bado nilikuwa naamini uongo wangu.

Kisha nikaifungua karatasi ya maelekezo ili nione hatua ya 6 inasema nini. Karatasi ilikuwa imekunjwa chini ya sanduku, haijaguswa tangu mwaka ule. Kila hatua nilikuwa nimeitia alama ndogo ya kalamu ya wino, kwa fahari, kuonyesha kwamba nimeisoma. Hatua ya 6 nayo ilikuwa na alama yangu. Na pembeni mwa hatua hiyo palikuwa na picha ya chupa ya gundi iliyopigwa alama ya kukosa, na chini yake maneno ya kukataza kutia gundi. Kulizunguka picha ile palikuwa na duara. Duara nene, la kijivu, la penseli bapa ya seremala.

Niliketi chini. Yote yakanirudia: baraza, kicheko cha jirani, swali la baba, jibu langu. Asiyejua kusoma ndiye aliyeiona ile picha, akaizungushia duara ili na mimi niione. Mwenye kujua kusoma ndiye aliyeipita. Na dole lile la gumba lilikuwa la mtu aliyeshika na kubana kitu alichokwisha kukikataza, kwa sababu mtoto wake alimwaibisha mbele ya jirani.

Ndugu wanafunzi, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kutojua kusoma ni jambo jema. Baba yangu aliwahi kutia dole gumba katika karatasi ya kununua mbao, na baadaye akaambiwa kwamba karatasi ile ilisema bei nyingine. Alilipa kazi ya miezi miwili. Kusoma ni silaha ya mtu mnyonge. Lakini kujua herufi ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine. Mtu husoma kwa macho, kwa akili na kwa subira. Husoma maneno, husoma picha, husoma hata mwisho, na mtu mwingine akisema, "Hapa pana kitu," husimama akatazama. Mimi nilikuwa na herufi bila subira. Baba alikuwa na subira bila herufi. Ninyi mlio darasani leo mnazileta zote mbili pamoja, na kwa hiyo mwaweza kuwa wasomaji bora kuliko mtoto wa shule.

Wiki ile ile nilipanda basi kwenda Tanga. Nilichukua gari, likiwa bado halina rangi, na ile karatasi. Nikamkuta baba barazani. Nikamwonyesha duara lake la penseli, nikamwambia, "Baba, nilikukosea siku ile, na nimekukosea kila niliposimulia. Naomba radhi."

Aliitazama karatasi kwa muda. Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Wakati ule palikuwa na darasa la jioni la watu wazima karibu na kwetu. Alikuwa amekwisha kuazimia kujiandikisha. Baada ya siku ile akaona haya. Kila alipolipita darasa, alisikia sauti yangu ikisema, "Wewe hujui kusoma," na kicheko cha jirani nyuma yake. Hakujiandikisha mpaka mwaka 2008. Neno moja la mtoto lilimchelewesha mtu mzima miaka 7. Na mtoto yule alikua akasoma, akapewa kazi ya kuhimiza watu wazima waende darasani.

Sikuwa na la kujibu. Baba hakungoja jibu. Alilichukua gari, akayasukuma magurudumu ya mbele kwa kidole. Yaligeuka kulia, yakageuka kushoto. Akasema, "Sasa linakata kona." Kisha akaligeuza, akalitazama mbele, akauliza, "Bampa lake liko wapi?"

Nikamwambia limepotea. Akachukua rula, akapima upana wa gari, akaandika namba kwa penseli yake juu ya kipande cha ubao. Aliandika mwenyewe: sentimita 6 na milimita 4. Asubuhi ya pili yake nilikuta bampa la mti wa mninga, limepindwa kwa tupa na msasa mpaka likakaa mahali pake bila nafasi.

Gari sasa limekwisha. Nimelipaka rangi mpya nyepesi, mara tatu, kila mara nikingoja ikauke. Kile kioo kidogo cha pembeni nilikifanya kwa kijiti cha plastiki nilichokipasha juu ya mshumaa na kukivuta. Bampa nimeliacha rangi ya mninga, halikupakwa. Na chini, kando ya ekseli, sikupitisha msasa juu ya dole lile la gumba. Kosa nimelirekebisha, kwa maana magurudumu yanageuka. Lakini alama ya mkono ulionisaidia sikuwa na haki ya kuifuta. Anayetengeneza kitu cha zamani huondoa uchafu na uharibifu. Haondoi watu waliokifanya.

Sasa mwalimu, tafadhali andika ubaoni maswali haya matatu.

La kwanza: mlango una urefu wa sentimita 192. Katika mfano wa 1 kwa 24, utakuwa na sentimita ngapi?

La pili: kwa nini ni vizuri kujaribu dawa au mafuta juu ya kipande kisicho na kazi kwanza? Tajeni mfano kutoka katika kazi zenu wenyewe, kama kushona, kupika au kulima.

La tatu: je, yuko mtu darasani aliyechelewa kuja kwa sababu alichekwa? Asemaye na asikilizwe, na asiyependa kusema asilazimishwe. Kisha jadilianeni: nyumbani mwenu, nani bado anaona haya kuja, na ni neno gani jema mwaweza kumwambia leo jioni?

Someni polepole, someni hata mwisho. Kwaherini mpaka somo lijalo.